Mstari Uliokosa Mto

Nilirudi shule nikiwa nimeshafika umri ambao kwetu mwanamke huanza kuitwa bibi. Binti yetu wa pekee alikuwa amehamia Rissne, upande mwingine kabisa wa mji, na mimi nilikuwa nimechoka kuwaosha wazee wa watu. Uvira, kule Kongo, nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Stockholm nilikuwa muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi niliyoifanya mpaka mgongo ukakataa. Jioni moja nikamwambia mume wangu kwamba nataka kusoma historia tena, pale chuo kikuu cha Flemingsberg, nipate cheti cha kufundisha huku. Nilitarajia acheke. Aliuliza tu:

"Utakuwa unarudi mapema unipikie, ao nijipikie mwenyewe?"

"Utajipikia, Papa."

"Basi soma."

Tuliishi Vårby gård, katika jengo linalotazama barabara kuu, na ng'ambo ya barabara hiyo kuna ziwa. Mume wangu alikuwa amenizidi miaka mingi. Kongo alikuwa mpima ardhi wa serikali. Alipanda na kushuka milima ya Fizi na Itombwe akiweka mawe ya mipaka. Huku Uswidi alisafisha mabehewa ya treni hadi akastaafu. Hakuwa mtu wa kusimulia. Kilichobaki kutoka kazi yake ya zamani kilikuwa jicho: akiingia chumba chochote alitazama pembe kwanza, na pazia likikaa upande hakuweza kula mpaka amelinyoosha.

Chuoni tuliambiwa kila mmoja achague mada ya insha ndefu. Wanafunzi wenzangu, ambao wengi wangeweza kuwa watoto wangu, walidhani nitaandika juu ya Kongo. Mwalimu aliyenisimamia, dada mmoja mpole mwenye sauti ndogo, naye alidhani hivyo hivyo. Nikachagua bara la Amerika, zile zama ambapo Wazungu walikuwa bado hawajajua nini kiko ndani, na wafanyabiashara walikuwa wakiingia kwa mitumbwi kununua ngozi. Nilimweleza mwalimu kwamba wengi wao walikuwa Wafaransa na kwamba Kifaransa chao cha kizamani naweza kukisoma. Hiyo ilikuwa kweli, lakini sababu yenyewe nilibaki nayo. Nilitaka nchi ambayo hakuna mtu wangu aliyezikwa ndani yake.

Nilikuwa nikirudi na vitabu kwenye begi, tunakula, kisha namsomea mume wangu nilichokipata siku ile. Kifaransa alikijua kunishinda, lakini alinikataza.

"Nisomee kwa Kiswahili," alisema. "Kifaransa kinanirudisha ofisini."

Basi nikamtafsiria. Nikamsimulia habari za biva, mnyama wa majini mwenye meno ya kukatia miti, ambaye Waswidi pia wanaye na humwita bäver, na jinsi manyoya yake yalivyotengenezwa kofia za matajiri wa Ulaya. Nikamsimulia wanaume waliopiga makasia kutwa nzima katika mitumbwi ya magome ya miti, wamebeba mablanketi, sufuria, visu na bunduki za kubadilishana na wenyeji. Walikaa huko miaka, wakaoa mabinti wa wenyeji, wakazaa. Mume wangu alisikiliza amefumba macho. Mara kwa mara aliuliza swali la mtu wa kazi: mto unaelekea wapi, maporomoko waliyavukaje, nani alikuwa anawaonyesha njia.

Jioni niliyomsomea habari ya mstari ndiyo naikumbuka kuliko zote. Waamerika walipokwisha kupigana na Waingereza, wakubwa walikutana Paris kugawana nchi. Wakaandika kwamba mpaka utatoka kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa fulani, uende moja kwa moja magharibi mpaka ukutane na mto mkubwa.

"Sawa," mume wangu akasema. "Na mto uko wapi?"

"Mto unaanzia kusini ya pale. Mstari ukienda magharibi haukutani nao hata ukienda mpaka baharini."

Akafumbua macho. "Nani alipima?"

"Hakuna aliyepima. Walikuwa na ramani mezani."

"Na ramani ilionyesha nini pale?"

"Pale kwenye chanzo cha mto mchoraji alikuwa ameweka kisanduku, na ndani ya kisanduku kuna ramani nyingine ndogo. Kikafunika mahali penyewe."

Mume wangu alicheka. Alicheka akapiga magoti yake, akakohoa, akajifuta machozi kwa upindo wa shati, kisha akasema "Kisanduku!" akaanza tena. Mimi nikacheka kwa kumwona anavyocheka. Tulikuwa watu wawili wazima tunashikana mikono kwenye kochi, tukiwacheka wakubwa waliokufa zamani.

Kesho yake jioni akaniuliza, "Hivi, ule mstari, mto uko wapi?" Nikamweleza. Akacheka vile vile, mwanzo mpaka mwisho. Siku iliyofuata akaniuliza tena.

Nilikuwa nimewatunza wazee waliosahau kwa miaka mingi. Najua mtu anavyouliza jambo kwa sababu amelipenda, na najua anavyouliza kwa sababu halipo tena kichwani. Nilimjibu mara ya tatu, naye akacheka, na mimi nikaenda jikoni nikafungua maji ya bomba ili asinisikie.

Katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, mkabala na chuo changu, daktari, akimpima kumbukumbu, alimwambia achore saa. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mtu wa Mombasa kwa kumsikia, Kiswahili chake laini. Mume wangu alichora duara kwa mkono mtupu, duara zuri ambalo mimi nisingeliweza hata kwa sahani. Kisha akaandika namba zote upande mmoja, zimebanana kama watu kwenye kivuli, upande wa pili ukabaki mweupe. Aliitazama karatasi. Alijua kwamba kuna kitu kimeharibika, hakujua ni kipi. Daktari akamshukuru. Mkalimani akamshukuru. Mume wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimeikosea?" Nikamwambia hapana.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, lakini niliendelea kumsomea, maana kwa saa ile ya jioni alikuwa bado mume wangu. Nikafika kwenye sura za wapimaji. Baadaye sana, wakubwa walikubaliana mstari mwingine ulionyooka kuvuka mbuga yote hadi milimani, na wapimaji wakatumwa kuuweka juu ya ardhi. Walijenga vichuguu vya udongo na kusimika nguzo za chuma moja baada ya nyingine, katika nchi ambayo jicho halikuwa na kitu cha kushika. Wenyeji wakaona ajabu kwamba askari wakiwafukuza, wakifika kwenye vichuguu vile husimama, kana kwamba kuna uganga umewafunga miguu.

Hapo mume wangu aliamka. Alinieleza mnyororo wa kupimia ardhi unavyovutwa, mtu wa mbele na mtu wa nyuma wanavyoitana, jua linavyorefusha chuma ukakosea bila kujua. Alisema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia katika ndoa yetu yote. Mikono yake ilisimama hewani ikishika chombo ambacho hakipo, na ilikuwa imetulia kabisa. Nilimpigia binti yetu simu nikamwambia njoo umsikilize baba yako. Akaja Jumapili, akakaa, akamsikiliza. Yeye humjibu baba yake kwa Kiswidi tangu mtoto, na baba humsemesha kwa Kiswahili, hivyo ndivyo walivyopendana. Siku ile alinishika bega mlangoni akaniambia, "Labda daktari amekosea, mama." Nilitaka sana kumwamini.

Wiki hiyo hiyo nikasoma habari ya watoto wa wale wafanyabiashara. Wazazi wao wa kiume walikuwa wametoka Ulaya, mama zao walikuwa wenyeji, na wao sasa walikuwa taifa zima. Walilima kandokando ya mto mwekundu, kila mmoja na kipande chake chembamba kinachoanzia majini, na nyuma yake majani ya mifugo. Kwanza ilikuwa biashara, na biashara iliwahitaji. Kisha manyoya yakaadimika, nchi ikauzwa bila wao kuulizwa, na wapimaji wakaja kuchora miraba juu ya vipande vyao. Siku moja wanaume wakatoka majumbani, wakaukanyaga mnyororo wa wapimaji, wakasema hamvuki hapa.

"Waliukanyaga?" mume wangu akauliza.

"Waliukanyaga."

Kisha akasema, "Kwetu mwanamke aliukalia."

Nikaweka kitabu chini.

Alinisimulia polepole, bila kupotea hata neno moja. Alikuwa kijana, hajanijua. Juu milimani kulikuwa na mfanyabiashara aliyenunua dhahabu kwa watu, akawauzia chumvi na vitenge, akala nao, akawasimamia watoto wao ubatizo. Baada ya miaka mfanyabiashara yule akaleta wenzake wenye kampuni, wakataka kilima kizima, na serikali ikamtuma mume wangu apime. Watu walisimama mbali wakitazama. Mwanamke mmoja akaja na mtoto mgongoni, akakaa juu ya mnyororo. Wasaidizi walitaka kumburuta. Mume wangu akawazuia. Alichuchumaa mbele yake akamsemesha kwa Kibembe, lugha yake na ya yule mwanamke.

"Nilimwambia, mama, tunapima tu. Kupima hakuchukui kitu. Mashamba yenu yatabaki pale pale yalipo."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alinitazama mdomo. Alisikia namna ninavyosema, akajua mimi ni mtoto wa kule. Akainuka."

"Halafu?"

"Halafu tukamaliza kupima. Mimi nikashuka. Polisi wakapanda."

Nyumba zilichomwa. Hakuona kwa macho yake. Aliuona moshi akiwa ameshafika bonde la chini, na yule mtu wa mbele wa mnyororo akamwambia wanachoma mashamba kwa ajili ya kupanda. Wote wawili walijua kwamba haukuwa msimu wa kupanda.

"Papa, mbona hukuniambia miaka yote?"

Alifikiri. "Wewe ulikuwa mwalimu wa historia," akasema.

Sikumsomea tena baada ya hapo. Lakini kilichofunguka hakikufungika. Kila kitu kingine kiliondoka kichwani mwake, jina la mtaa, njia ya kwenda chooni, kifo cha mama yake ambacho nililazimika kumwambia upya na kumwona akilia upya mpaka nikajifunza kusema yuko sokoni. Kilima kilibaki. Wahudumu wa manispaa walipoanza kuja asubuhi kumsaidia kuoga, alijificha nyuma ya mlango wa chumba cha kulala akaninong'oneza, "Wamefika. Waambie tunapima tu." Walikuwa wasichana wawili wenye viatu vya plastiki na tabasamu.

Nilijaribu kumwambia kwamba ilikuwa zamani. Nilijaribu kumwambia kwamba alikuwa kijana, ametumwa, asingeenda yeye angeenda mwingine. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anavyomsikiliza karani, kisha akauliza, "Na yule mama yuko wapi?"

Alitoka nyumbani siku ya theluji, wakati nimeshuka chumba cha chini kufua. Nilimwacha amelala. Niliporudi mlango ulikuwa wazi na koti lake lilikuwa bado linaning'inia. Majira yale jua linazama alasiri, na nilipofika nje taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka. Nikakimbia mpaka kituo cha treni, nikarudi mpaka dukani, nikamwuliza kila mtu. Nilipiga simu polisi kwa Kiswidi ambacho kilinivunjikia mdomoni, nikawa natafuta neno la "mume" na silipati.

Aliyempata ni dereva wa trekta la kuondoa theluji, kwenye njia inayoshuka ziwani. Pembeni mwa njia zile huchomekwa vijiti virefu vyekundu majira ya baridi, ili dereva ajue barabara inaishia wapi theluji ikifunika. Mume wangu alikuwa akiving'oa. Alikuwa amevaa fulana na viatu vya ndani, ameving'oa vyote kuanzia juu mpaka karibu na maji, akavilaza kwa mpangilio mzuri kandokando ya njia. Dereva alisema alipomsogelea, mzee hakukimbia. Alimwonyesha rundo lake la vijiti na akasema maneno mengi kwa lugha ambayo dereva hakuijua, kama mtu anayekabidhi kazi.

Nilimkuta ndani ya gari la wagonjwa, amefunikwa blanketi la karatasi inayong'aa. Alinitambua. "Nimeyaondoa mawe yote," akasema. "Sasa wanaweza kurudi."

Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikatwa kwa ajili ya baridi ile.

Binti yetu alisema haiwezekani tena. Alisema kwa upole, hospitalini, ameshika mkono wa baba yake wenye bandeji. Nilikuwa nimewaambia watoto wa watu wengi maneno hayo hayo, katika kazi yangu, kwa sauti hiyo hiyo: umefanya yote, sasa unahitaji msaada. Sikujua yanavyoingia. Akapelekwa nyumba ya wazee, mbali na kwetu kiasi cha kubadilisha basi. Chumba kilikuwa safi, kina dirisha linaloelekea misonobari. Siku ya kwanza alizitazama pembe za chumba, moja moja, na sura yake haikuonyesha kitu.

Kiswidi kilimtoka kwanza, kwa wiki chache tu, kama vile hakikuwahi kuwepo. Kifaransa kikafuata. Kiswahili kilikaa kidogo, kisha nacho kikaanza kutoboka, akabaki na Kibembe. Mimi ni Mfuliiru wa Uvira, si Mbembe. Kibembe nilijifunza kwa mama mkwe, cha jikoni: lete maji, kaa chini, mtoto amelala. Mume wangu alizungumza na mimi sentensi ndefu, za mtu mzima mwenye akili zake, na mimi nikawa nadaka neno moja kati ya kumi. Wahudumu waliniuliza, "Anasema nini?" Nikawa nasema ana kiu. Wakamletea maji ya matunda, naye akayatazama akakasirika, akanitazama mimi.

Chuoni mwalimu wangu aliniongezea muda, akaniongezea tena. Mara ya mwisho tulipokutana ofisini kwake alisema insha ni nzuri mpaka pale ilipoishia, na kwamba ambacho kingeifaa ni sauti za wale waliokuwa wakiishi kwenye ardhi iliyopimwa, walisema nini, walikwenda wapi. "Una chochote cha namna hiyo?" akauliza. Niliona mwanamke amekaa juu ya mnyororo na mtoto mgongoni. Nilimwambia sina, na kwamba naacha masomo. Alitoka nyuma ya meza akanikumbatia, jambo ambalo Waswidi hawalifanyi ovyo. Nikarudi kwenye kazi yangu ya zamani, mahali pengine. Ikawa mimi naosha waume za watu, na mtu mwingine, mahali pengine, anamwosha wangu.

Jumapili moja ya majira ya kuchipua tulikwenda kumwona, mimi na binti yetu, baada ya kanisa. Nilikuwa nimevaa kitenge. Siku nyingi alikuwa hasemi na mtu, lakini aliponiona mlangoni alishtuka, akajaribu kusimama. Akanyoosha mikono yote miwili, ule wenye vidole vitatu mbele. Akaanza kuzungumza. Sikuhitaji kudaka kila neno. Aliniita mama kwa namna ambayo humwiti mke wako, humwita mwanamke mgeni unayemheshimu. Alisema mnyororo. Alisema moshi. Alisema neno moja tena na tena ambalo nililijua kwa mama mkwe, neno la kuomba radhi ukiwa umevunja chungu cha mtu.

Binti yetu hakuelewa lugha, lakini uso wa baba yake aliuelewa. "Anataka nini?"

"Anaomba msamaha."

"Kwako?"

"Si kwangu. Kwa mtu mwingine. Ananidhania yeye."

"Basi mpe, mama." Alikuwa analia. "Sema ndiyo. Itakugharimu nini? Sema ndiyo tu."

Nilisimama pale na mkoba wangu mkononi. Sikuwa na haki ya neno lile. Nyumba iliyochomwa haikuwa yangu, mtoto aliyekuwa mgongoni hakuwa wangu, na sikujua hata kama aliishi. Lakini alikuwa mume wangu, na mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa, na nisingeweza kumwacha asimame hivyo. Nikamsogelea nikamshika mikono. Nikakusanya Kibembe changu chote nikamwambia: yamekwisha, kaa chini, mwanangu, yamekwisha.

Akanitazama mdomo. Alinitazama mdomo kwa makini, kichwa amekiinamisha kidogo, na nilijua anachokifanya kabla hajasema. Akatoa mikono yake mikononi mwangu taratibu. Na kwa Kiswahili, ambacho tulidhani kimeshamwishia, akasema wazi kabisa:

"Wewe si mtu wa kule."

Akakaa, akageukia dirisha. Binti yetu akampigia magoti akamwita pappa, pappa. Hakugeuka.

Nilifanya jambo moja zaidi. Nilimpigia simu shemeji yangu, mdogo wake, aliyeko Baraka, Kongo, kando ya ziwa la kwetu. Nilimweleza habari ya kilima, ya mfanyabiashara wa dhahabu, ya mwanamke. Nilimwomba aulize kama kuna mtu aliyebaki wa ukoo ule, hata mjukuu, mtu wa kumwita kwenye simu mume wangu akasikia sauti yake.

"Kilima kipi, shemeji?"

"Sijui jina. Alisema ni juu, kuna kampuni ilikichukua."

"Shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu tu, haikuwa na lawama, "vilima vyote vile watu wamefukuzwa. Wamefukuzwa, wamerudi, wamefukuzwa tena. Hiyo kampuni yenyewe sijui iliondoka lini. Wewe unamwuliza nani katika wote hao?"

Nilimwomba aulize hata hivyo. Akaahidi. Baada ya muda akanipigia kuniambia ameuliza kanisani na sokoni, kwa watu wa milimani walioko kambini, na kila aliyemwuliza alikuwa na mwanamke wake na moshi wake. Hakuna aliyekumbuka mpimaji aliyechuchumaa.

Nakwenda bado, kila Jumapili. Namlisha, anakula. Nanyoosha kola ya shati lake. Binti yetu huja mara moja moja, hukaa ndani ya gari kwanza, namwona kutoka dirishani akiegemeza paji la uso kwenye usukani. Mume wangu hanisemeshi kwa lugha yoyote. Wahudumu wanasema nyakati nyingine, nikiwa sipo, huzungumza peke yake kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini ya adabu, kisha hunyamaza na kusubiri, kama mtu aliyemaliza kuuliza.

Waliniomba nirekodi maneno machache ya lugha yake, ili wamwekee kwenye simu. Nilirekodi: lete maji, kaa chini, mtoto amelala. Walimwekea mara moja. Wakaniambia aliposikia neno la mwisho alisimama akaenda kufunga mlango, taratibu.